Kontabilite ya Mama Mdogo

Kila aliyesimama kuzungumza kwenye mazishi ya mama mdogo Esteri, mwezi uliopita pale Kashojwa, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alisema jambo lile lile kwa namna yake: duka la marehemu lilisimama miaka yote kwa sababu marehemu alijua kutoa. Mchungaji kijana aliyemjua uzeeni tu alilisema. Jirani aliyekuwa akikopa chumvi na kusahau alilisema, tena kwa machozi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mbovu, nimejiegemeza upande mmoja nisije nikaanguka mbele za watu, na nilikuwa nikimeza maneno. Nilitaka kunyanyuka niseme: jamani, duka lile nusura life kwa sababu hiyo hiyo ya kutoa, na katika kufa kwake mimi ndiye niliyeshukiwa wizi. Lakini mazishi si mahali pa mahesabu, na mwanamke niliyeketi naye alikwisha kuuona uso wangu, akanishika goti. Nikanyamaza kule. Hapa sinyamazi.

Mwaka ninaousema ni 2008. Nilikuwa na miaka ishirini na ushee, nikikaa kwa mama mdogo na kuuza katika duka lake. Kuliita duka ni kulipa heshima. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya udongo, kina dirisha la kuuzia lenye wavu wa chuma na rafu za mbao zilizotokana na masanduku ya watu wa misaada. Harufu yake ninayo hadi leo puani: ndagaa, sabuni ya mche na mafuta ya taa, zote kwa pamoja. Tuliuza sukari na mafuta ya kula kuliko vitu vingine vyote. Unga wa muhogo tuliuza kwa Wakongo wenzetu, kwa kuwa Waganda hawakuuthamini. Duka lile lilitokana na ng'ombe wa mwisho wa marehemu mume wake, waliouzwa haraka haraka milimani, juu ya Uvira, kabla hawajakimbia. Miaka yake ya kwanza Nakivale mama mdogo alilima mashamba ya watu kwa kibarua, na nyonga yake ya kushoto ikaharibika huko. Alipoweza kufungua duka alilitundika jembe lake ukutani nyuma ya mlango, akaapa kwamba hatalishika tena kwa shamba la mtu. Kwa hiyo duka likifa, kilichokuwa kikimngojea kilijulikana, na tulikuwa tukikiona kila tulipofunga mlango.

Nalo lilikuwa linakufa. Nilipofika kwake rafu zilikuwa zimejaa hadi juu. Mwaka ule rafu ya juu ilikwisha kuwa na makatoni matupu, ambayo mama mdogo aliyageuza upande wenye maandishi ili mteja aone duka limejaa. Gunia la sukari lililokuwa likifuatwa na lingine kabla halijaisha lilianza kufuatwa na siku za kusema "sukari inakuja." Na jambo la kuudhi ni kwamba wateja hawakupungua. Siku za mgao wa chakula foleni ilifika hadi kwa fundi baiskeli. Tuliuza, tuliuza, mikono ikanuka ndagaa, na mwisho wa mwezi pesa za kwenda kununua mzigo mjini Mbarara zilikuwa chache kuliko za mwezi uliotangulia.

"Mu hii duka muko mwizi," mama mdogo alisema.

Hakunitaja. Afadhali angenitaja, ningejitetea. Yeye alinisema katika sala. Tukiketi jikoni jioni, bugali umefunikwa, sombe, kisamvu cha kwetu, inatoa moshi, alifumba macho akaanza: "Bwana, bariki hii chakula. Na ule mwenye kukula duka yangu umufunue, Bwana. Hata kama iko mu nyumba hii. Hata kama iko anakula ku hii meza." Mezani tulikuwa wawili. Nilisema amina, maana ningesema nini? Ukikataa kusema amina kwenye sala ya namna hiyo umejihukumu. Nilikula sombe ile nikiwa nimekasirika kiasi cha kutosikia ladha yake, na yeye alinipakulia tena kwa wingi, kwa kuwa hakuwa mchoyo hata kwa mtu anayemdhania mwizi.

Kanisani mtu mmoja akamwambia kwamba Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, kuna mzee anayefundisha wenye maduka namna ya kutunza hesabu, kila Jumamosi, kwa ada ndogo. Mama mdogo alirudi uso umemng'aa. "Utaenda kusoma kontabilite," aliniambia. Neno hilo la Kifaransa alilitamka kwa unyenyekevu, kana kwamba ni jina la daktari bingwa. "Kama mwizi ni mwengine, kontabilite itamushika. Kama ni weye, itakushika." Akafungua kitambaa chake akanihesabia ada na nauli. Ndivyo nilivyopelekwa shule: kwa gharama ya duka linalokufa, ili nijifunze kujikamata mwenyewe.

Darasa lilikuwa chumba nyuma ya saluni ya wanawake, kimegawanywa kwa ubao mwembamba. Upande ule walisuka, upande huu tulisoma, na masikio hayakuwa na namna ya kuchagua. Mwalimu akisema mtaji, upande wa pili mtu anasimulia jinsi mume wake alivyorudi na shati la mtu mwingine. Mwalimu akisema gharama, upande wa pili wanacheka hadi ubao unatikisika. Jina lake lilikuwa Byaruhanga, Mnyankore, karani mstaafu wa chama cha ushirika, mwenye koti moja la kahawia na miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa na ng'ombe kijijini kwao, na hakuna somo lililoanza kabla hatujapewa habari zao. Nani amezaa, nani ana kupe, nani amekataa maji. Mimi nilikuwa nimeamka kabla ya jua, nimekuja juu ya lori la mahindi kutoka Kabingo, nywele zimejaa vumbi, namsikiliza mtu akieleza pembe. Sikujua ng'ombe, nilikulia mjini, ng'ombe nilimjua kwa bei ya nyama. Siku ya kwanza alinielekezea rula, akaniita nyabo, kama wanavyomwita mwanamke kwa heshima. "Wewe nyabo wa Nakivale, kwenu kulikuwa na ng'ombe?" Nikasema hapana. "Bambi," akasema, akanihurumia kwa dhati, akaendelea na mwingine.

Alipomaliza ng'ombe alifundisha vizuri, hilo namkubali. Alifundisha mambo machache na aliyarudia hadi ukataka kulia. La kwanza: "Wewe na duka si mutu moja. Nasikia? Duka iko na pesa yake. Wewe uko na pesa yako. Usitie mukono yako kwa mufuko ya duka." La pili: andika mauzo palepale unapouza, kabla pesa haijaguswa na mtu yeyote. La tatu lilinichukua majuma. Aliniuliza, "Leo umeuza sukari gunia nzima. Umepata ngapi?" Nikamtajia bei ya gunia zima lililouzwa kwa kilo. Akavua miwani. "Hiyo ni ya kuuza. Mimi nauliza ya kupata." Nikarudia jibu lile lile kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani hakusikia. Akavaa miwani, akavua tena. Leo mimi ndiye ninayewafungia vitabu wafanyabiashara wa Mbarara, na wengi wao, wanaume wazima wenye magari, nawauliza swali lile na wananijibu kama nilivyojibu mimi. Wameuza milioni, basi wamepata milioni. Wanatoa michango ya harusi kwa kipimo hicho, wananunua viatu kwa kipimo hicho, halafu wanakuja kwangu kuuliza pesa zimekwenda wapi. Huwa navua miwani. Sasa najua kwa nini mzee yule alikuwa akivua yake: alikuwa hataki kuniona vizuri kwa muda.

Basi nikaanza kuandika. Kila kipande cha sabuni, kila kikombe cha sukari, nilikiandika kabla mteja hajaondoka dirishani, na wateja wakalalamika kwamba nimekuwa polisi. Jioni nilifunga dirisha nikampa mama mdogo kisanduku cha pesa. Kama desturi yake tangu zamani, aliingia nacho chumbani kwake, akashusha pazia, akakiombea. Sala ile ilikuwa ndefu. Niliisikia nikiwa jikoni nikichochea moto. Aliwataja wateja, wagonjwa, viongozi, barabara ya Mbarara. Kisha alitoka nacho, tukakiweka mezani, tukahesabu pamoja. Na pesa hazikulingana na nilichoandika. Siku ya kwanza nilidhani nimekosea. Siku ya pili nikaandika kwa herufi kubwa. Zilipungua bado. Juma zima zilipungua, na mama mdogo akinitazama kila nilipotaja upungufu, kwa jicho ambalo sala ya kabla ya chakula ilikwisha kulieleza.

Nikapeleka karatasi zangu Mbarara Jumamosi, nikazitazama wakati Mwalimu akituhubiria dume lake jipya. Ndipo nikaona jambo la ajabu. Siku tuliyouza sana, zilipungua sana. Siku ya mvua, zilipungua kidogo. Na kila siku, ya mvua au ya jua, kilichopungua kilikuwa sehemu moja ya kumi ya mauzo, sawasawa, bila kuzidi. Mwizi gani huyu mwenye nidhamu? Mwizi gani anayekaa chini na kupiga hesabu ya asilimia kabla ya kuiba? Nilicheka peke yangu hadi Mwalimu akanyamaza. Kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu nilimjua mtu mmoja tu duniani anayegawa kila kitu kwa kumi.

Jioni ile nilingoja hadi amenawa mikono. "Mama mdogo, ukiingia na kisanduku chumbani unafanya nini?"

"Ninaomba."

"Na kisha kuomba?"

"Ninatoa ya Mungu." Alisema kana kwamba nimemwuliza kama anavua viatu kabla ya kulala. "Fungu la kumi. Ninaifunga mu kitambaa, ninangojea siku ya Mungu."

"Kwa nini hukuniambia? Juma zima naandika zimepungua!"

"Ile si yetu. Ya Mungu hatuihesabuke pamoja na yetu." Akafunua bugali. "Hakuna kitu kilipungua."

Nilimweka chini nikamweleza. Nilichukua vijiti vya kiberiti nikavipanga mezani. Tukiuza sukari ya shilingi mia, nilisema, shilingi tisini na tatu au nne zinarudi Mbarara kununua sukari nyingine na kulipa gari. Zinazobaki ni sita, saba. Wewe unatoa kumi. Hiyo kumi inatoka wapi? Inakula sukari yenyewe. Ndiyo sababu tukiuza sana rafu zinaisha haraka zaidi. Mteja akija tumepata hasara, asipokuja afadhali. Nilikuwa nimefurahi, nakiri. Nilikuwa nimempata mwizi na hakuwa mimi. Nilitarajia aone vijiti vile apige mikono kifuani. Alivikusanya akavirudisha ndani ya kiberiti kimoja kimoja.

"Maliza," alisema. "Umesema umepata mwizi. Sema jina yake."

Nani angemaliza? Ningesema nini, kwamba Mungu ndiye aliyekuwa akiiba sukari?

Kuanzia hapo nilijaribu kila njia, na kila njia ilinirudisha nilipoanzia. Nilimwambia maneno ya Mwalimu, kwamba duka na yeye si mtu mmoja: yeye ndiye aliyeokoka, duka halikuokoka, basi yeye atoe katika kile duka linachompa. Akanijibu kwamba Pasta alipaka mafuta mlango wa duka siku ya kufungua, mbele ya ushirika mzima, na mkate wa baraka ukaliwa. Nilimwambia Mungu hahitaji sukari yetu. Akaniambia aliahidi siku walipovuka mpaka, na anayeahidi hapunguzi. Kisha, wakati wa mvua za pili, likaja lile lililotaka kunipasua kichwa. Alikaa na mambo yangu akayatafakari, akatoka na jawabu lake: duka linaanguka kwa sababu alikuwa anatoa kidogo. Huenda kuna siku alisahau. Huenda Mungu anadai ya nyuma. Akaanza kuongeza sadaka ya shukrani juu ya fungu la kumi. Nilitoka nje nikasimama karibu na choo, nikauma kanga yangu, kwa sababu ndani ya nyumba hapakuwa na mahali pa kupiga kelele.

Jumapili zile nilimtazama kwa hasira. Kwetu sadaka haipitishwi kwenye viti. Kikapu huwekwa mbele, kwaya inaimba, na watu wanakwenda wakicheza. Wenye fungu la kumi hutangulia, kila mtu na bahasha yake mkononi. Mama mdogo alikaa benchi la kwanza. Wimbo ulipoanza alisimama kwa ile nyonga yake, akajifunga kitenge vizuri, akacheza taratibu hadi mbele akiwa ameinua bahasha, nayo ilikuwa nene. Akina mama walimpigia vigelegele. Pasta alimwinamia kichwa. Walimwita Mama Mutoaji, na mimi benchi la nyuma nilihesabu moyoni: yale ni makatoni ya mafuta, ile ni nusu ya gunia, lile ni jembe linashuka ukutani.

Rafu ya kati ilipoanza nayo kupata makatoni matupu, nilimdanganya kidogo. Nilimwambia Mwalimu anataka kumwona mwenye duka, ndipo atoe cheti. Alipenda habari ya cheti. Alivaa kitenge cha Jumapili, tukapata nafasi ndani ya lori, mbele, kwa dereva, na mimi nilibeba karatasi zangu zote za mwaka ndani ya mfuko wa plastiki, zimepangwa kwa miezi. Nilikuwa nimejitayarisha kama wakili.

Mwalimu Byaruhanga alimpa kiti chake mwenyewe. Nyuma ya ubao walikuwa wakimsuka bibi harusi. "Karibu, nyabo," akasema, na kama kawaida yake, kabla ya lolote: "Kwenu kulikuwa na ng'ombe?"

Ah! Kwa mara ya kwanza swali lile lilimpata mwenyewe. Mama mdogo alinyoosha mgongo. Kwao kulikuwa na ng'ombe, ndiyo, na mlima wao ulikuwa na majani ya namna gani, na kulikuwa na mmoja mwenye paji jeupe ambaye hakukubali kukamuliwa na mwanamume. Mwalimu akauliza pembe. Mama mdogo akainua mikono kuonyesha pembe. Mwalimu akacheka kwa heshima, akasema za Ankole zinafika hapa, akainua yake juu zaidi. Walikwenda hivyo, na mimi nimekumbatia mfuko wangu wa plastiki, jua linapanda, lori linarudi adhuhuri. Nilikohoa. Hakuna aliyenitazama.

"Na kanisa," Mwalimu akauliza hatimaye, "kule mulikuwa natoa nini?"

"Ndama," alisema mama mdogo. "Ku ndama kumi, moja ya Bwana."

"Na mama ya ndama?"

"Mama anabaki."

"Kwa nini anabaki? Yeye pia si ya Mungu?"

Mama mdogo alimtazama kama mtu aliyeanza kutilia shaka akili za mwenyeji wake. "We mwalimu. Ukipeleka mama, mwaka ingine utapeleka nini?"

Mzee alichukua kitambaa akafuta miwani yake taratibu, huku bibi harusi upande wa pili akilalamika kwamba wanamvuta. Kisha akauliza, "Na huyu mutoto, unamulipa ngapi?"

"Anakula kwangu."

"Kula si mushahara, nyabo. Mulipe kidogo, uandike. Ukikosa kumulipa, iko siku atajilipa."

Ikawa imekwisha. Hakuna aliyeomba kuona karatasi zangu. Hata moja.

Lori liliposimama Kabingo dereva alikwenda kutafuta maji ya rejeta, sisi tukanunua chapati tukala tumesimama kivulini mwa lori. Mama mdogo aliikunja yake, akaimega, akaitazama. "Kwa hiyo sukari njo ng'ombe," alisema.

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na ile benefisi, ile inabaki kisha kununua ingine na kulipa gari, njo ndama."

"Ndiyo."

"Nimekuwa ninapeleka mama." Kisha akanigeukia kwa lawama za kweli kabisa: "Mbona weye hukunielezaka hivyo?"

Mwaka mzima! Vijiti vya kiberiti, karatasi, asilimia, koo langu, na mzee wa watu amekaa kwenye kigoda anafuta miwani. Nilitaka kulia na nilitaka kumtupia ule mfuko. Nikasema, "Nisamehe, mama mdogo, sikujua ng'ombe." Naye akanisamehe. Juu ya wizi hakusema kitu, si siku ile wala siku nyingine yoyote hadi tunamzika. Ila jioni, kwenye sala ya chakula, mwizi hakutajwa tena.

Mabadiliko aliyafanya mara moja, maana hakuwa mtu wa nusu nusu. Kisanduku kilifunguliwa mezani kabla ya kuombewa. Zilitengwa za mzigo, zikatengwa za gari, ukatengwa mshahara wangu, mdogo hata kuutaja ni aibu, na mwisho wa mwezi, katika kilichobaki, alitoa moja ya kumi akaitia ndani ya bahasha. Aliishika bahasha ile juu ya meza, akaipima kwa mkono. Haikuwa na uzito wowote. Rafu ya kati ilikuwa imeanza kujaa vitu vya kweli, na mimi nilikuwa nikiimba jikoni, sikumtazama sana.

Nilimtazama Jumapili. Kwaya ilianza, wenye fungu la kumi wakasimama, na mama mdogo hakusimama. Kwanza watu walidhani ni nyonga. Kiongozi wa kwaya alimwona ameketi, akarudisha wimbo mwanzo ili kumngojea. Wakaimba ubeti wote. Hakusimama. Wakarudia tena kiitikio, sasa kanisa zima limegeuza shingo kwenye benchi la kwanza, Pasta ameshika kitambaa, na yeye ameinamisha kichwa, bahasha ameikunja mara mbili ndani ya kiganja chake. Wimbo ukaisha. Nilikuwa nyuma na niliona kisogo chake tu, na kisogo kile kilinitosha. Roho iliniuma kwa namna ambayo sikuitarajia baada ya mwaka wa kumkasirikia. Mjane, mgeni katika nchi ya watu, amelima mashamba ya wengine hadi mfupa ukaharibika. Juma zima yeye ni mwanamke wa dirishani anayedaiwa chenji. Ila zile hatua chache kutoka benchi hadi kwenye kikapu, pale alikuwa mtu, na kila mmoja aliona. Mimi nilikuwa nimeandika alichotoa. Alichokuwa akipata kwa kutoa sikukiandika, na Mwalimu hakunifundisha kingeandikwa wapi. Hesabu zangu zilikuwa sahihi, bado ni sahihi, ningezifanya tena leo. Lakini siku ile sikuona fahari yoyote.

Jumapili iliyofuata aliamka kabla yangu. Nilimkuta jikoni amevaa, chai imemiminwa, bahasha ile ile yenye mikunjo iko juu ya meza. Kando yake iko nyingine, tupu.

"Nilikulipa?" aliuliza.

"Ulinilipa."

"Ile pesa ulinunua nayo sukari?"

"Hapana."

"Ulilipa nayo gari?"

"Hapana, mama mdogo."

"Kwa hiyo yote ni benefisi." Akanisogezea bahasha tupu. "Tia ya kumi."

Nilikuja juu. Nilimwambia mshahara wenyewe ni kicheko, nimeuweka wa viatu, vidole vyangu viko nje tangu mvua za kwanza, na mtu hawezi kulipwa leo akanyang'anywa leo. Nilisema mengi. Aliniacha niyamalize, akinywa chai yake. Kisha akaishika bahasha yake, akajaribu kuinyoosha mikunjo kwa kidole gumba, na akasema bila kunitazama, "Sitaki kwenda kule mbele miye peke na hii kidogo."

Kanisani alinipeleka benchi la kwanza. Wimbo ulipoanza alijifunga kitenge, akasimama kwa nyonga yake mbovu, akanishika mkono kwa nguvu hadi nikaumia. Tukaenda. Yeye alicheza, bahasha ameiinua ile nyembamba kila mtu aione. Mimi nilikuwa nimenuna, nakosea hatua, viatu vimefunguka mbele, na mkono wake sikuuachia.